Misumari ya Zuhura

Msumari wa kwanza ulipogongwa, Shuaibu alikuwa ameinamia ubao wa mninga, patasi mkononi, anachonga ua la tatu la mlango wa Bwanaheri. Aliinua kichwa akasikiliza. Nyumba ile aliijua kwa masikio kuliko alivyoijua kwa macho, na kwa miaka kumi na minane nyundo pekee iliyolia ndani yake ilikuwa ya kwake. Hii ilikuwa ngeni. Ilikuwa nyundo ya chuma, nyepesi, ya mtu asiyejua kugonga, na ilikuwa inagonga ukuta.

Alipofika kwenye mlango wa chumba cha marehemu baba yao, alimkuta mdogo wake Zuhura kasimama juu ya kigoda, kanga kaifunga kiunoni, misumari miwili kaibana midomoni. Miwili mingine ilikuwa imeshaingia ukutani, na chokaa ya zamani imemwagika sakafuni.

"Shikamoo, kaka," Zuhura alisema baada ya kuitoa misumari mdomoni.

Shuaibu hakuitikia. "Nani kakupa ruhusa ya kupigilia msumari?"

"Naweka rafu. Ya kuwekea mashine ya intaneti."

"Sikuulizi unaweka nini. Nauliza ruhusa kakupa nani."

Zuhura alimtazama kaka yake, akautazama ukuta, akamtazama tena, kama anatafuta kosa lake na halioni. "Wewe mwenyewe ulisema nichukue chumba."

"Nilisema ulale."

Zuhura alisubiri kidogo aone kama kuna maneno mengine. Alipoona hakuna, aligeuka akapigilia msumari wa tatu na wa nne, kaka yake amesimama pale pale anahesabu.

Mgeni akisikia habari hii atadhani Shuaibu alikuwa na kichaa, mtu mzima wa miaka arobaini na saba kutetemeka kwa ajili ya misumari minne. Watu wa mji mkongwe wa Bagamoyo wangemwelewa bila kuelezwa. Katika nyumba ya urithi ambayo haijagawanywa, anayepigilia msumari anasema hapa ni pangu. Anayeziba paa anasema siku ya kugawana mnikumbuke. Ndiyo maana ziko nyumba pale zimeinama, paa limeingia ndani, popo wamehamia vyumbani, na warithi kumi na tano wapo hai, wana afya zao na kazi zao, na hakuna hata mmoja anayethubutu kubadilisha bati. Kila mmoja anamchunga mwenzake asije akatengeneza.

Shuaibu mwenyewe aliishika desturi hiyo kama anavyoshika swala. Tangu ujanani alikuwa akichonga milango ya nakshi katika ukumbi wa nyumba ile, na hakuwahi kutoboa ukuta wake hata kwa sindano. Patasi zake zilikaa kwenye kreti la soda. Taa yake aliifunga kwa kamba kwenye boriti. Kalenda aliisimamisha juu ya kiti. Wateja walimcheka, lakini yeye aliona fahari, kwamba hakuna mtu atakayesimama siku yoyote akasema Shuaibu alijimegea.

Tena yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi. Mzee Husseni alipofariki, miaka sita iliyopita, mahakama ilimteua Shuaibu aigawe mali kati yake na Zuhura, maana watoto walikuwa hao wawili tu, baba mmoja, mama mbalimbali, na marehemu hakuacha mke. Mali yenyewe ilikuwa nyumba ile ya mawe tu. Shuaibu aliichukua barua ya mahakama akaiweka chini ya godoro, na hakugawa kitu. Zuhura hakuuliza. Alikuwa Dar es Salaam wakati huo, kaajiriwa na kampuni inayouza umeme wa jua kwa mkopo, kazi yake kupokea simu za wateja ambao taa zao zimegoma kuwaka.

Halafu kampuni ikaona pango la ofisi ni mzigo. Ikarudisha funguo za jengo, ikawaambia wafanyakazi kila mmoja akafanyie kazi kwake. Wengine walikuwa na kwao. Zuhura alikuwa na nusu ya chumba Mbagala, anaishi na mwenzake ambaye mtoto wake alilia mchana kutwa. Akabeba mabegi mawili akaja Bagamoyo, akaketi na kaka yake ukumbini, katikati ya maranda, akaomba chumba cha baba.

"Chumba kimoja tu, kaka. Sitaki kingine."

Maneno hayo aliyasema kwa upole, tena mbele ya shangazi yao, Bi Mwanamkasi, dada wa marehemu, ambaye alikuwa akiishi chumba cha uani. Shuaibu aliyasikia vizuri na hakuyaamini hata kidogo. Katika umri wake wote hakuwahi kumwona mrithi anayetaka chumba kimoja tu. Alikubali kwa sababu shangazi alikuwa anamtazama.

Baada ya misumari ikaja meza. Shuaibu alikuwa fundi aliyetengeneza milango ya watu wa Unguja na Pangani, na dada yake wa damu alishusha kwenye bajaji meza ya mbao zile za vumbi lililogandishwa kwa gundi, imefungwa karatasi ya rangi ya mti. Alipita nayo ukumbini, mbele ya mninga na mvule, akaifunga kwa skrubu kwa kufuata maelekezo ya kwenye karatasi. Shuaibu aliona ni tusi. Huenda halikuwa tusi. Huenda Zuhura aliogopa kumwomba kitu kingine mtu ambaye haitikii shikamoo. Lakini mtu aliyekwisha kuamua kutukanwa hakosi tusi, na Shuaibu alilichukua lile la meza akaliweka pamoja na lile la misumari.

Ikaja siku ya Hamidu, fundi umeme, aliyetindua ukuta mstari mrefu toka mlangoni hadi dirishani ili apitishe waya wa soketi mbili. Baada ya Hamidu zikaja trei za mayai. Zuhura alikuwa amezifuata Kerege kwa wafuga kuku, trei tupu za karatasi ngumu, zimefungwa mafungu mafungu kwa katani, akazibandika kwa gundi ukuta mzima uliopakana na ukumbi, kutoka chini mpaka alipofikia mkono wake. Majirani walikuja kuchungulia. Walitoka wanacheka, wanamuuliza Shuaibu dada yake ataanza lini kutaga.

"Ni za nini?" Shuaibu alimuuliza shangazi, kwa kuwa siku hizo yeye na Zuhura walikuwa hawasemeshani zaidi ya salamu.

"Zinameza sauti," Bi Mwanamkasi alisema. "Kelele zako zisivuke."

"Kelele zangu."

"Za nyundo, baba. Wenzake wa kazini hawataki kusikia nyundo."

Shuaibu alirudi kwenye ubao wake, na siku ile maua mawili yalimharibikia.

Kilichomkera kilikuwa na mizizi mirefu kuliko trei. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akifanya kazi ndani ya nyumba ile, na hakuna aliyewahi kuiita kazi. Marehemu baba yake, aliyekuwa karani wa forodha na kutoka kila asubuhi na shati lililopigwa pasi, alikuwa akipita ukumbini anaruka maranda, anamwambia mwanawe atafute shughuli. Shangazi alimtuma sokoni patasi iko mkononi. Wageni walikaa kwenye mbao zake wakapiga soga, kwa sababu yupo, hana pa kwenda. Hakuna mtu aliyepunguza sauti kwa ajili ya Shuaibu, hata siku anachonga aya kwenye kizingiti cha juu, kazi ambayo mkono ukiteleza mara moja hakuna wa kuurudisha.

Sasa amekuja binti wa juzi, anaweka kidude kichwani chenye maiki mbele ya mdomo, anafunga mlango, na nyumba nzima inatembea kwa vidole. Bi Mwanamkasi alihamisha kinu chake nje ya ua. Muuza samaki aliambiwa asinadi dirishani. Na Shuaibu, mara nne au tano kwa siku, alimwona shangazi anachungulia ukumbini kaweka kidole mdomoni.

"Polepole, baba. Mwenzio yuko kazini."

Neno hilo, kazini, lilimkaa kooni mchana wote. Yeye alikuwa wapi?

Zuhura alijaribu. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye Shuaibu aliwaeleza watu kwamba hakujaribu. Jumamosi moja baada ya alasiri alitoka chumbani na karatasi, akaketi kwenye kigogo kilichokuwa mbele ya kaka yake.

"Kaka, zamu yangu ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Jumatatu mpaka Ijumaa," alisema. "Nyundo igonge alfajiri, igonge jioni, igonge Jumamosi na Jumapili kutwa. Katikati hapo fanya zile za kimya. Kuchora, kupiga msasa, kupaka mafuta. Nimekuandikia hapa."

"Umeniandikia."

"Ili tusisahau."

"Unanipangia saa za kufanya kazi. Ndani ya nyumba ya baba yangu."

"Ni baba yetu, kaka."

Hilo ndilo alilokuwa akilingoja. Lilimtoka Zuhura kama linavyoweza kumtoka mtu yeyote, lakini Shuaibu aliweka nyundo chini, akalirudia kwa sauti ili shangazi huko uani alisikie. "Umesikia, shangazi? Keshaanza kudai."

"Sijadai kitu."

"Misumari ile inadai nini? Na ule mtaro uliochimba ukutani unadai nini?" Alisimama. "Mimi nina mlango wa watu. Bwanaheri wa Msata anataka mlango wake kabla ya Ramadhani, na kuchonga hakuna zamu. Anayetaka kimya aende makaburini."

Zuhura aliikunja ile karatasi mara mbili, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hakumwamkia tena.

Kelele ya kwanza haikuwa ya kukusudia, au tuseme haikukusudiwa sana. Shuaibu alikuwa anapigilia mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, na mfaa haupigiliwi kwa kubembeleza. Trei za mayai zilimeza zilichoweza. Kwenye simu alikuwepo mteja wa mbali, mwanamke anayelia kwamba taa zimezimwa na ana mgonjwa ndani, na katikati ya maelezo yake akauliza kama anaongea na kampuni au na gereji. Msimamizi wa Zuhura, kijana anayeitwa Haidar ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza mazungumzo ya wenzake, aliisikia. Zuhura akapewa onyo.

Ya pili ilikuwa grenda. Shuaibu aliiazima kwa mchomeleaji wa stendi kwa ajili ya kunoa patasi, ambazo kwa miaka yote alizinoa kwa jiwe na maji. Aliiwasha saa nne asubuhi. Ilipiga kelele ya kutia meno ganzi, na yeye mwenyewe hakuipenda, lakini aliishikilia mpaka patasi zote kumi na moja zikapata makali, hata zile ambazo hazikuwa butu.

Jioni hiyo Bi Mwanamkasi alimfuata ukumbini akasimama mbele yake. Alikuwa mwanamke mpole, mjane wa miaka mingi, asiye na fungu katika nyumba ile kwa sheria yoyote, anayekaa kwa hisani ya watoto wa kaka yake, na kwa hiyo alizoea kusema kila kitu kwa kuomba.

"Baba, nakusihi. Bado wanamwangalia kama anaweza kazi ya nyumbani, hawajamthibitisha. Wamemwambia makelele yakisikika mara tatu wanaondoa jina lake. Leo ni ya pili."

"Ya pili," Shuaibu alisema.

"Ana wiki mbili tu zimebaki athibitishwe. Wiki mbili, mwanangu. Chonga kwa jirani, hata kwa akina Muharami pale, wana uwanja."

Alimweleza hayo ili amwonee huruma. Maskini Bi Mwanamkasi, alikuwa amemlea Shuaibu na bado hakumjua. Shuaibu aliitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa kumwambia, na wiki ile yote alifanya kazi za kimya. Alichora, akapiga msasa, akapaka mafuta. Bi Mwanamkasi alimpikia mkate wa kumimina. Hata Zuhura, alipokuwa akipita kwenda kuchota maji, alipunguza mwendo siku moja kama anayetaka kusema jambo, kisha akaendelea na safari yake.

Shuaibu alikuwa anasikiliza tu. Alijifunza sauti ya dada yake kupitia ukutani kama alivyojifunza sauti ya mbao. Ya wateja wa kawaida ilikuwa ya chini, ya kubembeleza. Lakini kila Alhamisi, saa tano, ilibadilika ikawa ya kunyooka, ya mtu aliyekaa wima, na akawa anasema ndiyo bosi, sawa bosi. Huyo ndiye Haidar. Alhamisi saa tano alikuwa anamfanyia tathmini.

Alhamisi ya wiki ya pili, Shuaibu aliegemeza ubao wa mvule kwenye ule ukuta wenye trei, upande wake. Hakukuwa na kazi yoyote ya kufanya kwenye ubao ule. Alichukua nyundo kubwa, ile ya kupigilia fremu. Ndani Zuhura alisema, "Ndiyo bosi, nakusikia vizuri sana." Shuaibu akagonga. Aligonga mara nane au tisa, kwa mkono wote, mpaka chokaa ikamdondokea kichwani, na kwa upande wa pili akasikia trei zinabanduka na kuanguka, moja, na nyingine, na nyingine. Moyoni alijisikia vizuri. Hakuna sababu ya kuficha jambo hilo. Kwa muda ule mfupi alikuwa na raha ambayo hakuwa ameipata tangu baba yake azikwe.

Akaacha.

Zuhura alitoka baada ya muda mrefu, kile kidude cha kichwani kimemshukia shingoni. Hakuwa analia. Shuaibu alikuwa amejiandaa kwa kilio na kwa matusi, na alikuwa na jibu la kila kimoja.

"Hiyo ya tatu," Zuhura alisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua nini?"

"Nakuuliza tu. Shangazi alikwambia?"

"Hii ni nyumba ya fundi. Fundi anagonga."

Zuhura aliutazama ule ubao wa mvule ulioegemezwa ukutani, mtupu, hauna mstari wa penseli wala alama ya patasi. Aliutazama mpaka Shuaibu akasogea akasimama mbele yake kuuziba.

"Ng'oa misumari yako," akamwambia.

Aliing'oa. Alimwomba shangazi koleo, akaing'oa yote minne, akabandua trei, akafumua waya wa Hamidu, akakanda chokaa kwenye bakuli na kuziba matundu na mtaro wote, akasawazisha kwa kiganja. Alifanya kwa uangalifu kuliko alivyopigilia. Meza ya vumbi aliigawa kwa madrasa ya jirani. Siku ya pili akapanda basi la kwenda kijijini Miono kwa mama yake, na mabegi yake mawili, na alipoagana na Bi Mwanamkasi walishikana mikono kwa muda. Ukumbini alipita bila kugeuka.

Shuaibu aliingia chumbani akakagua ukuta. Alipitisha kidole mahali pa kila msumari na hakuona kasoro. Alitoka anapiga mluzi. Wiki tatu zilizofuata alichonga kama kijana, kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na mlango wa Bwanaheri ulitoka mzuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Alimwambia kila aliyeketi kwenye mbao zake kwamba mtoto wa Miono alikuja kuimega nyumba kwa ujanja wa kompyuta, na yeye amemshinda bila kumgusa. Wengine walimsifu. Bi Mwanamkasi hakumpikia tena mkate, na alirudisha kinu chake ndani ya ua bila kusema neno.

Wito wa mahakama ya mwanzo ulifika siku moja na lori la kuchukua mlango. Shuaibu aliusoma mara mbili huku vijana wa Bwanaheri wanafunga kamba. Mrithi Zuhura binti Husseni alikuwa analalamika kwamba msimamizi wa mirathi ameshindwa kuigawa mali ya marehemu kwa muda wa miaka sita, na anaomba apewe haki yake.

Mbele ya hakimu Shuaibu alikuwa na mengi ya kusema kuhusu misumari. Aliyasema. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama misumari hiyo bado ipo.

"Aliing'oa, mheshimiwa."

"Na matundu?"

"Aliyaziba."

"Basi tuiache. Nieleze kwa nini miaka sita hujagawa."

Shuaibu alisema nyumba ni moja, haigawanyiki. Alisema dada yake hakuwahi kuomba. Hakimu akamgeukia Zuhura akamuuliza ni kweli hakuwahi kuomba, na Zuhura akasema ni kweli, kwa sababu alikuwa na kazi, na alikuwa hana shida na nyumba wala na kaka yake. Alikuwa amevaa baibui jeusi, kakaa wima, anajibu kinachoulizwa na kunyamaza. Shuaibu alimtazama kwa pembeni, akahisi kwa mara ya kwanza kitu kinachofanana na hofu.

"Na sasa?" hakimu aliuliza.

"Sasa sina kazi, mheshimiwa. Nina theluthi ya nyumba."

Sheria ilikuwa nyepesi kuliko Shuaibu alivyodhani. Mafungu mawili ni ya mtoto wa kiume, moja la wa kike. Nyumba haikatwi vipande vitatu. Shuaibu akitaka kubaki nayo amlipe mwenzake thamani ya fungu lake, na kama hana, nyumba iuzwe, kila mtu achukue chake. Shuaibu alisema hana. Hakimu alimuuliza kama kuna biashara inayofanyika ndani ya nyumba hiyo, ambayo mahakama inapaswa kuizingatia kabla ya kupanga muda wa kuhama.

"Ipo," Shuaibu alisema. "Nachonga milango. Miaka kumi na minane."

"Una leseni? Una namba ya mlipa kodi? Karatasi yoyote yenye anwani hiyo?"

Hakuwa nayo. Alipapasa mifuko ya kanzu kama vile angeweza kuikuta humo. Alitaka kusema kwamba mji mzima unajua, kwamba hakimu atume mtu akaulize hata sokoni, lakini aliona karani ameinama, anaandika. Alipoomba kusomewa, karani alimsomea kwamba nyumba inatumika kwa makazi tu. Alipewa miezi mitatu.

Mnunuzi alipatikana upesi, mtu wa Dar es Salaam anayetaka kuifanya nyumba ya wageni. Hakutaka kujua habari za Bi Mwanamkasi wala chumba chake cha uani. Bibi huyo aliambiwa na Zuhura kwamba chumba kipo Miono, na siku ile ile akaanza kufunga vyombo vyake, bila kumuuliza Shuaibu yeye atakwenda wapi.

Siku ya kusaini walikutana kwenye kibaraza cha mahakama, kaka na dada, wanasubiri kuitwa. Benchi lilikuwa moja. Zuhura aliketi upande mmoja, Shuaibu akaketi upande wa pili, katikati wakaacha nafasi ya watu wawili. Alikuwa ameapa kutosema naye. Lakini alikuwa hajalala vizuri kwa siku nyingi, akipiga hesabu za mbao zake, mahali pa kuziweka, nani atakubali kelele zake na kwa hisani gani, na swali likamtoka lenyewe.

"Ulikuwa unataka nini pale nyumbani? Tangu mwanzo. Sema kweli sasa, imekwisha."

Zuhura alifikiri kwanza.

"Saa nane za kimya kwa siku," alisema. "Nyumba ilikuwa yako, kaka. Hata ungekufa bila kuigawa, nisingeuliza."

Karani alitokea mlangoni akaita majina yao. Zuhura alinyanyuka, akanyoosha baibui lake, akatangulia kuingia.